Kubana nchi au kubana kikosi? Sheria ya Leahy ikitazamwa kutoka Lamu

Mwaka 2025 Jim Risch, seneta wa Marekani, alipendekeza nchi yake iichunguze upya hadhi ya Kenya kama mshirika wake mkuu nje ya NATO, hadhi iliyotolewa Juni 2024. Madai ya utekaji na utesaji yalikuwa miongoni mwa mambo ya kuchunguzwa. Kwa Lamu, wanakokaa wanajeshi wa Marekani katika kambi ya Manda Bay, hayo si maneno ya mbali.

Anayepinga shinikizo hilo si wa kupuuzwa. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni, humu humu Lamu, na vijiji jirani. Januari 2020 al-Shabaab waliivamia Manda Bay yenyewe, wakaua Wamarekani watatu. Mafunzo na vifaa vya Marekani vikikatwa, atakayebaki wazi ni mkazi wa Pandanguo, kijiji cha Lamu, si mkubwa wa Nairobi. Tena Marekani ina vibaba viwili: Uganda iliondolewa AGOA, mpango wa kuuza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, Januari 2024; Misri bado inapewa mabilioni ya kijeshi.

Lakini ipo sheria nyembamba zaidi, ya tangu 1997, yenye jina la Seneta Patrick Leahy. Hiyo haibani nchi, inabana kikosi. Kabla ya mafunzo, majina ya kikosi na kamanda wake hupekuliwa. Zikipatikana taarifa za kuaminika za mauaji ya kiholela, mateso, ubakaji au kutowesha watu, kikosi hicho hunyimwa msaada mpaka serikali yake ichukue hatua za kweli dhidi ya wahusika. Hapo mimi naona uadilifu kuliko kwenye AGOA, ambako mshonaji nguo hulipia kosa la askari.

Sheria hiyo inapokwama ni kwenye jina la kikosi. Mtu akichukuliwa usiku na watu wenye nguo za raia, kwa gari lisilo na nambari, jamaa zake hubaki kusema "ni serikali", na serikali si kikosi. Vifaa navyo vikitolewa kwa jeshi zima, ni vigumu kujua vimeishia mikononi mwa nani.

Ndiyo maana maelezo yaandikwe mapema: saa, mahali, sare, aina ya gari, nambari ya OB (daftari la matukio la polisi), na ombi kwa Mahakama Kuu la kutaka mtu aletwe mbele ya jaji. Kituo kikikataa kutoa OB, kukataa huko nako kuandikwe, pamoja na tarehe na cheo cha aliyekuwa zamu.