Kilomita peke yake hazitoshi

Mwandishi wa makala yenu kuhusu muda wa safari za ndege amechukua kilomita 11,800 hivi za kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi uwanja wa JFK, New York, akagawanya kwa mwendo wa ndege wa kilomita 900 kwa saa, akapata saa 13 kwenda na saa 13 kurudi. Hapana, ndugu yangu. Kwenda ratiba ni karibu saa 15, kurudi karibu 14, kwa sababu juu ya Atlantiki ya Kaskazini upepo wa angani huvuma kutoka magharibi kuelekea mashariki. Anayekuja Nairobi anasukumwa, anayekwenda anapambana nao.

Halafu kuna suala la kupaa: Embakasi, ulipo uwanja wa JKIA, iko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hasa jua likiwaka, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hupata shida kupaa. Ubaridi wa usiku husaidia sana.

Hata safari ya Nairobi hadi Mombasa, ambayo hewani haifiki saa nzima, ina muda wa kujipanga kwenye njia ya kurukia, nao huhesabiwa kwenye ratiba. Tafadhali wahariri, rekebisheni hizo saa. Kuna wazee wanaopanga dawa zao kwa kuzitegemea.