Vidonge vya Mkunguni: Tabibu Afukuzwe au Aachwe?

Tabibu huyu hajamaliza hata miezi miwili hapa Lamu, na tayari foleni yake ya asubuhi imeishinda ya benki. Kiti cha plastiki, meza ndogo, pale uwanja wa Mkunguni, hatua chache kutoka Ngomeni, na makopo meupe yaliyopangwa safu safu. Nimelishika moja. Kibandiko kinataja maradhi 23: sukari, presha, baridi yabisi, ngiri, vidonda vya tumbo, ugumba, "na mengineyo". Jina la kiwanda hakuna, tarehe hakuna, na kilichomo ni "mizizi asilia" basi. Shilingi 1,500, ukichukua matatu unapunguziwa.

Barazani hakuliwi wala hakunywewi kahawa bila kumbishania. Wako wanaotaka askari waje leo, na wako wanaosema aachwe atafute riziki yake.

Wanaomtetea si wajinga. Dawa ya kila ndwele si jambo geni kwetu: mwarobaini umeitwa hivyo kwa maradhi 40, na habasoda imetajwa kwenye hadithi ya Mtume kuwa ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti. Aliyelelewa kwa hayo atashtushwa na 23? Kisha kuna hospitali. Anayetoka Faza au Kiunga hulipa nauli ya boti, hungoja, huandikiwa karatasi akanunue dawa nje; akihitaji daktari bingwa huenda akaambiwa aende Mombasa, zaidi ya kilomita 300. Tabibu wetu humwita mgonjwa "mama yangu", humshika kiganja, humsikiliza mpaka amalize habari za mguu na za mkwe pia. Siku moja nilimtazama kwa saa: dakika 15 kwa bibi mmoja. Wewe ulipewa lini dakika 15 na daktari?

Hoja yao nzito zaidi ni kwamba vidonge vinafanya kazi. Jirani yangu alikuwa akisali juu ya kiti kwa sababu ya magoti. Siku ya nne ya kopo alipanda ngazi za nyumba yake hadi darini, na ngazi za nyumba za Lamu mwazijua. Nilimwona kwa macho yangu.

Mimi hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mizizi gani inayomaliza maumivu ya miaka kwa siku tatu? Ziwezazo hivyo zinajulikana: prednisoloni na deksamethasoni, dawa kali za hospitali na za bei rahisi, ambazo wakaguzi wa nchi mbalimbali wamezikuta zimechanganywa kwenye vidonge vinavyouzwa kwa jina la miti shamba. Hutuliza uvimbe upesi, huleta hamu ya kula, mtu akajiona kijana. Zikiendelea, huvimbisha uso, hupandisha presha na sukari, na mwili huacha kujitengenezea kortisoli, homoni yake ya kuhimili maradhi na misukosuko. Mpaka kopo lifike maabara hakuna wa kuapa kwamba zimo. Lakini uso wa jirani yangu sasa ni mviringo kama mwezi wa kumi na nne, na wanawe wanasema amenawiri.

Basi askari waje? Sheria ipo. Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo yenye mamlaka juu ya dawa zinazouzwa nchini, na Sheria ya Afya ya 2017 iliitambua tiba ya asili na kutaka isimamiwe, jambo linalowafaa hata waumikaji na wachuaji wetu wa haki wanaochafuliwa jina na meza hii. Ila akifukuzwa tu, kesho atashukia Malindi na makopo yale yale. Na ikiwa nilichohofia kimo, wateja wake watakatiwa dawa ghafla, na mwili uliosahau kujitengenezea kortisoli unaweza kuzimia, hata kufa, kwa kukatishwa hivyo. Kwa hiyo ningeanza na kopo kabla ya mwenye kopo: lipimwe, na kila aliyelinunua aende nalo hospitali, asiache kumeza kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nilimweleza jirani hayo. Alilifunika kopo kwa ncha ya leso.

"Niwapelekee, mwanangu," akasema, "wapate kunigombeza?"