Leza kwa kila kihisi cha mtetemo?

Fundi anapobandika kihisi cha mtetemo kwenye beringi ya pampu, usahihi wa namba anayoisoma unategemea kwanza kujua kihisi hicho kinatoa milivolti ngapi kwa mchapuko (badiliko la kasi kwa kila sekunde) fulani. Kuna njia mbili kuu za kulijua hilo. Ya kwanza, ya kiwango cha kimataifa ISO 16063-11, humulika leza kwenye meza inayotikiswa na kupima mwendo wake kwa wimbi la mwanga. Ya pili, ya ISO 16063-21, hukipandisha kihisi mgongoni mwa kihisi rejea, yaani kile ambacho milivolti zake zinajulikana tayari, na kulinganisha ishara zao.

Wanaotetea leza wana hoja nzito. Wimbi la leza ya heliamu na neoni lina nanomita 632.8, kila meza inaposogea nusu ya hapo, mstari mmoja wa mwanga na giza hupita. Unahesabu mistari, basi. Huna haja ya kuuliza kihisi rejea kilihakikiwa na nani, maana tangu 1983 mita yenyewe imefungwa kwenye kasi ya mwanga.

Ila kuhesabu huko kuna kikomo. Kwa hezi 160 na mchapuko wa mita 100 kwa sekunde mraba, meza huenda takriban mikromita 99 kila upande, na mistari zaidi ya 1,200 hupita kwa kila mzunguko. Panda hadi hezi 10,000 kwa mchapuko uleule: mwendo ni nanomita 25 tu, hata mstari mmoja haukamiliki. Hapo utahitaji ishara mbili za mwanga zilizopishana robo ya mzunguko, pamoja na hesabu za kompyuta. Na leza huona nukta inayomulika tu. Meza ikiyumba ubavuni, leza hudanganyika.

Kiwandani, mipaka ya kasi ya mtetemo, kutoka hali nzuri hadi ya hatari, katika ISO 10816-3 (iliyorithiwa na ISO 20816-3 mwaka 2022) kwa mashine kubwa zenye msingi imara ilikuwa milimita 2.3, 4.5 na 7.1 kwa sekunde. Mapengo hayo ni mapana mno kwa kosa la asilimia mbili kubadili uamuzi. Sumaku iliyobandikwa juu ya rangi inayobanduka huharibu zaidi, na hiyo leza haiiponyi.

Kwa hiyo kupeleka kila kihisi kwenye leza naona ni anasa. Hatari ipo kwa kihisi rejea: kikianguka sakafuni na tabia yake ikabadilika, vyote vilivyolinganishwa nacho hukosea upande uleule, na kuvilinganisha vyenyewe kwa vyenyewe hakutafichua kitu. Maabara iwe na rejea mbili, zipimane mara kwa mara, na moja iende kwenye leza kwa ratiba. Zikianza kutofautiana, ya pili nayo ipelekwe kabla ya cheti kingine kutolewa.