Jeni ya MOD5: prioni kwenye hamira ni ugonjwa au ni mbinu ya kuishi?

Ile hamira unayotia kwenye unga wa maandazi ina jeni inaitwa MOD5, na mi hii jeni imenikaa kichwani sana maana imeingia katikati ya ubishi mkubwa wa watu wanaochunguza chachu kuhusu prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya na kuwageuza wenzake wajikunje vivyo hivyo: ni ugonjwa au ni mbinu ya kuishi? Mpaka leo hawajakubaliana.

Kazi yake kwanza. MOD5 inatoa enzaimu inayobandika kijipande cha kaboni tano kwenye tRNA (molekuli zinazoleta asidi amino pale protini inapojengwa) za serini, tirosini na sisteini, pale herufi ya 37, jirani kabisa na zile herufi tatu zinazosoma kodoni (herufi tatu za ujumbe wa jeni), na bila hako kakitu usomaji unalegea. Maabara wanaliona hili kwa macho. Unachukua chachu ambayo jeni yake ya ADE2 imepata alama ya kukomea katikati, unaipa tRNA ya tirosini iliyogeuzwa iweze kuivuka hiyo alama, ADE2 inafanya kazi tena na koloni (vishada vya seli) zinatoka nyeupe. Haribu MOD5, alama haivukwi tena vizuri na zinakuwa nyekundu. Weka jeni ya binadamu ya ukoo huohuo, TRIT1, weupe unarudi! Na watu wanaorithi TRIT1 mbovu wanaugua mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, kwa hiyo tusidhani ni mambo ya hamira tu.

Sasa mwaka 2012 Suzuki, Shimazu na Tanaka wa RIKEN, taasisi ya utafiti ya Japani, wakaonyesha kwamba protini ya Mod5 inaweza kujikunja ikawa prioni, inagandana, inawavuta wenzake, na seli mama inamrithisha mtoto hali hiyo bila DNA kubadilika hata herufi moja. Tena seli hizo zinastahimili dawa za fangasi za azoli kama flukonazoli. Sababu ni malighafi: zile kaboni tano zinatoka kwenye molekuli ya DMAPP ambayo pia inatumika kutengeneza ergosteroli, mafuta ya utando wa fangasi, na azoli inabana hukohuko. Mod5 ikiganda haitumii tena DMAPP, malighafi inabaki kwa wingi upande wa utando.

Hapo ndo ubishi. Reed Wickner, aliyeeleza prioni za chachu mwaka 1994, anasema ni ugonjwa, na kundi lake lilipima chachu 70 za porini wakakosa kabisa prioni mbili maarufu, wakauliza kama kitu kina faida mbona hakijaenea? Kundi la Susan Lindquist, mtafiti mwingine wa prioni, likapima chachu 690, likakuta zaidi ya thuluthi moja zina tabia zinazopotea ukivuruga prioni, nyingine zikiwa na faida, kwa hiyo kwao ni kama seli kuweka akiba kwa siku mbaya.

Kwa MOD5 mi naegemea upande wa Lindquist, ila kwa masharti. Ukiweka dawa, seli zenye prioni zinaongezeka, ukiitoa zinashindwa mbio na zile za kawaida, yaani gharama ipo na inalipwa kweli. Lakini hoja ya Wickner siwezi kuiruka, kwa sababu flukonazoli ni kitu cha kiwandani cha juzi tu, chachu haikupata muda wa kujiandaa nayo, basi huenda ni ajali iliyoangukia pazuri. Kwangu ajali inayookoa seli bado ni faida kwa ile seli, ingawa si ushahidi kwamba iliumbwa kwa kazi hiyo.

Kinachoniuma ni wagonjwa. Flukonazoli huku Afrika Mashariki ndo dawa ya watu wengi wenye VVU wanaopata homa ya uti wa mgongo ya fangasi, na usugu wa namna hii ukisoma jeni peke yake hauoni kitu, DNA iko salama kabisa. Haya ya MOD5 yameonekana kwenye chachu ya maabara, si kwa fangasi wa wagonjwa, ila kuanza kupima si kazi ngumu: mkuze yule fangasi sugu kwenye guanidini, kemikali inayofuta prioni ya aina hii, halafu mrudishie dawa uone kama bado anasimama.