Usivute, telezesha

Mvua za Januari zilimkuta fundi vioo wangu wa Magomeni, hapa Mtwara, ameacha vioo viwili vya sentimita 50 kwa 50 vimelaliana bila karatasi katikati. Maji yakapenya. Nilipokwenda kuchukua cha dirisha langu nikashika pembe, nikanyanyua: vikaja vyote viwili.

"Mwalimu, usivute. Telezesha."

Akaweka viganja juu ya kile cha juu, akakisukuma upande taratibu. Kikatoka kinachuruzika maji. Nami ndiye mwalimu wa fizikia! Nikakaa kwenye benchi lake, nikapiga hesabu nyuma ya risiti.

Tunasema maji "yamegandisha" vioo, kana kwamba ni gundi. Sivyo. Pale kwenye kingo uso wa maji unabonyea kwa ndani, na mvutano wake unafanya kanieneo (msukumo kwa kila eneo) ya maji iwe ndogo kuliko ya hewa. Hewa ya nje ndiyo inayovibana. Tofauti hiyo ni mara mbili ya mvutano wa uso, ugawanye kwa upana wa ufa, ile nafasi kati ya vioo. Ufa ukiwa mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), inafika paskali 14,400. Kwa kioo kile ni nyutoni 3,600: uzito wa mifuko saba ya saruji, umeshikwa na nusu kijiko cha chai cha maji. Ukitelezesha, unapambana na mnato tu, yaani ukaidi wa maji kutiririka, na kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde inatosha nguvu ya kubeba robo kilo ya sukari.

Sasa ugomvi wangu. Ile 10 niliitoa wapi? Kichwani. Na ukivuta kwa haraka mambo huzidi kuwa mabaya, maana mwanafizikia Josef Stefan alionyesha mwaka 1874 kwamba nguvu ya mnato hupanda kwa kipeo cha tatu ufa unapopungua: ufa ukiwa nusu, nguvu ni mara nane. Mlinganyo wa ulainishaji wa mhandisi Osborne Reynolds wa 1886, unaotumika hadi leo kwenye beringi za injini, una kipeo hichohicho. Vijana huniletea michoro ya kompyuta ya hesabu kama hizi, yenye rangi nzuri kweli, lakini nikiuliza ufa waliupimaje najibiwa "tuliuchukulia." Kosea ufa, hata programu ya bei mbaya itakudanganya.

Kuupima si kazi kubwa. Wiki iliyofuata niliazima mizani ya sonara, tukalowesha vioo vilevile, tukavitenganisha, tukafuta maji yote kwa pamba, hata ya mezani. Pamba iliongezeka gramu 6. Gawanya kwa eneo: ufa wa wastani ni mikromita 24, na zile nyutoni 3,600, yaani uzito wa kilo 360 hivi, zinashuka hadi uzito wa kilo 150 hivi. Wastani, nasema, kwa sababu kioo hupinda, na chembe moja ya mchanga inatosha kukiinua upande mmoja.

Fundi alinitazama nikiikunja pamba mbichi kwenye mfuko wa nailoni, akauliza kama dirisha langu bado nalihitaji.