Zimebaki Seti 37

Kazi yangu ni kudanganya watu kwa ustaarabu. Nalisema mapema msije mkanionea huruma nisiyostahili. Nauza nguo, masufuria na vikorokoro vya plastiki kwenye magulio, na korosho zikishaanza kulipwa hunikuti Mtwara mjini: niko Nanyamba, niko Tandahimba, niko Newala, naifuata pesa ilikokwenda. Mtaji wangu ni turubai moja, spika moja na sentensi moja iliyosomesha watoto wangu: "Zimebaki tatu tu, mama, zimebaki tatu!" Chini ya turubai kuna kiroba kizima.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepigwa na televisheni, tena kakaa kwake, Chikongola, kavaa bukta.

Ilikuwa mwezi wa tano, msimu umekwisha zamani, niko nyumbani nanenepa. Kitambi kilishafika mahali mke wangu anakisalimia kwanza: "Kitambi hujambo? Baba Salma yuko nyuma?" Sasa usiku mmoja, taarifa ya habari imekwisha, nachezea rimoti, nikaangukia kwenye kipindi cha kuuza vitu. Mzungu kavaa mkanda tumboni, mkanda unatetemeka, yeye anacheka tu. Kiswahili aliwekewa na mtu mwingine, na kilikuwa kinachelewa: Mzungu kashafunga mdomo, maneno bado yanatoka. "Siamini! Wiki mbili tu!" Halafu wakaleta picha. Ya kwanza jamaa ana sura ya msibani na tumbo limeachiwa lishuke lenyewe. Ya pili kanyoa, kapakwa mafuta, kabana pumzi.

Wenzangu, mchezo huo ninaujua. Sufuria zangu huwa nazipitishia kitambaa chenye mafuta ya kula kabla gulio halijaanza. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Kisha ikatokea saa. Pale kona ya juu, tarakimu nyekundu zinarudi nyuma: 10:00, 09:59, 09:58. Chini yake pameandikwa ZIMEBAKI SETI 37. Bei ilikuwa 350,000, wameipiga mstari, pembeni wameweka 99,900. Wangeniambia laki moja ningezima na kulala. Lakini 99,900 si laki, ni elfu tisini na ushee, na mimi ninayeuza vikombe kwa 1,900 nikaliona hilo kuwa punguzo kubwa mno. "Subiri! Bado hatujamaliza!" Wakaongeza pakiti ya majani ya chai ya kukonda, bure. Seti zikawa 31. Mama mmoja akapiga simu kushukuru, tumbo lake halionekani tena. Seti 24. Seti 19.

Moyo ukaanza kunienda mbio. Na niwe mkweli, mkanda wenyewe nilikuwa siufikirii. Nilikuwa nawafikiria hao watu. Ni akina nani hawa wanaonimalizia mikanda yangu?

Zimebaki dakika mbili, umeme ukakatika.

Mtu mwenye akili angesema alhamdulillahi. Mimi nilitoka mbio na bukta yangu mpaka kibanda umiza cha jirani chenye jenereta. Ndani wanaume wamejaa, mechi dakika ya 88, moja kwa moja. Nikaomba wanibadilishie chaneli dakika moja tu. Niliyotukanwa siwezi kuyaandika hapa, na mmoja wao ni shemeji yangu.

Basi namba nilikuwa nimeishika kichwani. Nikapiga nikiwa nje gizani, akapokea binti mwenye sauti kama asali. "Kaka yangu, wewe una bahati sana. Imebaki moja." Moja! Nikasikia kabisa damu inapanda masikioni. Pesa iliyokuwa kwenye simu yangu haikuwa yangu, ilikuwa ya kikoba cha mke wangu, nimewekewa kama mtu mwaminifu. Namba ya siri nilikosea mara mbili kwa mikono kutetemeka, na mkanda wenyewe nilikuwa bado sijauvaa. Ya tatu ikakubali. 99,900 ikaondoka, makato yakafuata, nikarudi ndani kifua mbele kama aliyeshinda mnada.

Kesho yake usiku, saa ileile, Salma wangu wa miaka minane akaja kunivuta mkono. "Baba, mbona zimerudi 37?"

Nikamwambia akalale.

Mzigo ulikuja kwa basi siku ya nne, nikaukomboa stendi kwa elfu tano nyingine. Maelezo yote kwa Kichina. Majani ya chai nilikunywa mara moja, hayo tuyaache. Mkanda ulikuwa na kitufe chenye namba moja mpaka tano, ila chenyewe kilipenda tano tu. Unafungwa kwa ile sehemu ya kunata inayolia kraaa ukiibandua. Mke wangu alikuwa ameshajua habari za kikoba, kwa hiyo nililala sebuleni kwenye kochi, mkanda tumboni chini ya msuli, nimechomeka kwenye ekstensheni moja na televisheni na king'amuzi. Kama saa tano hivi umeme ukaondoka tena. Nikasema nitauvua ukirudi. Nikapitiwa.

Umeme ulirudi saa tisa za usiku.

Niliamshwa na tumbo langu. Lilikuwa linakwenda kama mashine ya kusaga, na kochi nalo, la miguu mifupi ya mbao juu ya sakafu ya saruji, likaanza safari kuelekea mlangoni huku linagonga ta-ta-ta-ta. Nikafungua mdomo niombe msaada ikatoka "A-a-a-a-a-a." Mke wangu ndani akapiga ukelele: "Tetemeko! Watoto, nje!" Akatoka nao kajifunga kanga, akanikuta nimeshika tumbo kwa mikono miwili natoa sauti ya jini, akabadili mawazo palepale na kuanza kusoma dua. Kubandua nashindwa, ile sehemu ya kunata imeshaula msuli. Nikaona bora nikimbie. Nilikimbia hatua tatu. Waya ukavuta ekstensheni, ekstensheni ikavuta king'amuzi kutoka juu ya meza, king'amuzi kikaenda kutua kwenye ndoo ya maji ya kunywa, *chubwi*. Hapo ndipo kimya kikaingia. Majirani wameshasimama dirishani na tochi za simu, wakanimulika msuli uko magotini.

Mpaka leo kuna mzee hapo mtaani akiniona huniuliza kwa upole kama wale wenyewe walishaondoka.

Asubuhi akaja mpwa wangu, anasoma chuo Dar na alikuwa likizo. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa darasa. "Mjomba, mchezo huu una wenyewe. Mwaka 1977 kule Florida, Marekani, redio moja ilikuwa inamdai mtangaza biashara. Hana pesa taslimu, akawalipa kwa vifungua kopo vya umeme 112. Mtangazaji akaambiwa aviuze hewani, dola 9.95 kimoja. Vikaisha vyote." Mwaka 1982 wazo hilo likahamia kwenye televisheni, ukazaliwa mtandao wa HSN, televisheni ya kuuza vitu tu, na 1986 ukafuata mwingine, QVC. Huko, anasema, kuonyesha saa na idadi iliyobaki ni sehemu ya fani, mnunuzi asipate nafasi ya kwenda kumuuliza mkewe.

Mimi nilibaki na wale wa redio. Vifungua kopo 112, vikauzwa 112, basi, vikaisha. Jamani! Huyo mtangazaji alisema vimebaki kumi na kweli vilibaki kumi. Miaka kumi na saba niko kwenye magulio, sijawahi kufanya biashara ya hatari namna hiyo.

"Halafu mjomba unaweza kushtaki," kijana akaendelea, amepata moto. "Kuna Sheria ya Ushindani ya 2003. Ni kosa kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, ubora..." Nikamwambia apunguze sauti, dirisha liko wazi na majirani wengine ni wateja wangu.

Mke wangu hakutaka sheria, alitaka 99,900 ya kikoba kabla ya Jumapili ya tatu. Ndiyo maana mwezi wa saba niliubeba ule mkanda mpaka gulioni, huko njia ya Tandahimba, nikaamua kuwauzia kama nilivyouziwa. Simu nikaiegesha juu ya boksi, nikaiwekea dakika kumi zirudi nyuma, nikashika kipaza sauti. "Mkanda wa Ulaya! Laki tatu na nusu nimeifuta! Saa ikifika sifuri bei inapanda!"

Watu wakajaa. Mbele kabisa akasimama bibi mmoja na ungo wake wa ming'oko ya kuchemsha, chachandu kwenye kopo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo saa inahesabu nini?"

"Inahesabu bei, bibi. Ikiisha, bei inapanda."

Akaitazama saa. Akanitazama mimi. "Ikipanda, atanunua nani?"

Sikuwa na jibu, nikaongeza sauti ya spika. Bibi akageuza ndoo yake juu chini, akakaa. "Basi nasubiri iishe." Mama wa pembeni naye akakunja kanga akakaa. Akakaa na wa tatu. Wakaanza kula ming'oko. Mimi napiga kelele, saba, sita, tano, watu wanatafuna na kuchovya chachandu kama wako kwenye maulidi. Dakika tano nzima nilizungumza na spika yangu mwenyewe.

Simu ikalia: sifuri.

"Haya," bibi akasema, anajikung'uta. "Imeisha. Sasa shilingi ngapi?"

Nikasema elfu thelathini, sauti imekauka. Akatoa elfu mbili na fungu moja la ming'oko, akaviweka juu ya turubai kama mtu anayerudisha chenji. "Kamkanda kagumu haka, nitafungia kuni. Hilo lidude la umeme litoe, litanilemea njiani."

Nikachukua kisu, nikainama kukata waya. Nyuma yangu nikamsikia mama mmoja anamnong'oneza bibi:

"Na hizo sufuria zake tatu zilizobaki, tuzisubiri pia?"