Jezi ya taifa ya raga na mtoto aliyezaliwa Nyarugusu

Mapema mwaka 2025 Serikali iliwapa uraia wachezaji watatu wa Singida Black Stars: Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara wa Guinea. Ubishi ulifika hadi vijiwe vya Mwanga na Ujiji, huku Kigoma. Wapo waliofurahi kwamba Taifa Stars huenda ikapata watu wa kazi. Wapo waliouliza kwa nini mgeni apewe haraka kitu ambacho jirani yao wa miaka mingi bado anakihangaikia. Swali hilo la pili lina uchungu wa pekee Kigoma, mkoa ambao mtu anaweza kuzaliwa, kusoma na kuoa humu humu, na bado akaulizwa kama kweli ni Mtanzania kwa sababu ya lafudhi yake au jina la babu yake.

Soka ina jibu fupi: bila uraia wa nchi, huichezei timu yake ya taifa. Raga inajibu kwa namna nyingine kabisa. Najua ni mchezo mdogo kwetu. Umeshika zaidi Arusha na Dar es Salaam, na huku reli ya kati inakoishia kijana anaweza kumaliza kidato cha sita bila kuugusa mpira wake. Lakini hakuna mkoa Tanzania unaoguswa na kanuni zake kama Kigoma, na Tabora unafuata.

Kanuni ya Nane ya shirikisho la dunia, World Rugby, haiulizi pasipoti. Inauliza kama mchezaji alizaliwa katika nchi hiyo, au kama mzazi wake mmoja, au hata babu au bibi yake mmoja, alizaliwa humo. Asipokuwa na lolote kati ya hayo, anaweza kuhesabiwa kwa kusajiliwa na chama cha raga cha nchi hiyo pekee miezi 60 mfululizo, au kwa ukaazi wa miaka kumi kwa jumla. Zamani ukaazi ulikuwa miezi 36 tu. Uamuzi wa kuuongeza hadi miezi 60 ulipitishwa 2017 baada ya malalamiko kwamba nchi tajiri zinachukua vijana wa Fiji, Tonga na Samoa, kuwaweka miaka mitatu na kuwavalisha jezi. Uraia unakuwa sharti pale tu raga ya wachezaji saba inapoingia kwenye Olimpiki na mechi za kuisaka, kwa sababu Olimpiki ina masharti yake.

Sasa ilete kanuni hiyo Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa. Watoto waliozaliwa humo miaka ya mwanzo sasa wanakaribia miaka 30, umri ambao mchezaji wa raga yuko kwenye kilele. Kwa namna sheria ya uraia inavyotekelezwa nchini, wao si Watanzania. Kwa macho ya World Rugby, kila mmoja wao anaweza kuichezea Tanzania kuanzia kesho, kwa sababu alizaliwa katika ardhi yake.

Tabora ina sura nyingine ya jambo hilo hilo. Ulyankulu ni miongoni mwa makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na mwaka 2014 Serikali ilitangaza uraia kwa takribani watu 162,000 wa kundi hilo. Kijana wa Ulyankulu leo ni raia kamili, hata Olimpiki haimfungii mlango. Lakini kwa kuwa babu yake alizaliwa Burundi, Burundi nayo inaweza kumwita. Na mjukuu wa mvuvi wa Ujiji aliyehamia Uvira au Kalemie, upande wa Kongo, zamani anaweza kuitwa na sisi, hata kama hajawahi kukanyaga bandari ya Kigoma.

Hapo ndipo mjadala unapoanza, na pande zote mbili zina hoja za kusikilizwa.

Wanaotaka milango ifunguliwe yote wanaanza na hali ya mchezo wenyewe. Siku ya mechi kikosi kina wachezaji 23, na wachezaji watatu wa mstari wa mbele wa skramu hawatafutwi kwa kuangalia misuli tu. Pale ndipo vikosi viwili vinapogongana kwa shingo na mabega. Asiyefundishwa kwa miaka anaweza kuvunjika shingo. Timu isipokuwa na watu waliofundishwa nafasi hizo, mwamuzi huamuru skramu zisisukumwe, na mechi inapoteza nusu ya maana yake. Huwezi kumchukua mbeba mizigo mwenye nguvu pale Kibirizi ukampanga mstari wa mbele baada ya mazoezi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo, wanasema, kama kuna kijana London au Nairobi ambaye bibi yake alizaliwa Tabora na amecheza nafasi hiyo tangu utoto, kumwacha ni kuhatarisha wenzake.

Hoja hii naiona nzito kuliko nyingine zote za upande huo, kwa sababu inahusu usalama kabla ya ushindi. Na ushahidi wa ushindi upo pia. Julai 2025 mjini Kampala, Zimbabwe iliifunga Namibia 30-28 kwenye fainali ya Kombe la Afrika na kurudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991, ikiwa na kikosi kilichochanganya vijana wa nyumbani na wanaocheza nje.

Wanaotaka tahadhari wanajibu kwamba Zimbabwe ina shule zinazocheza raga vizazi na vizazi. Walioko nje waliongezwa juu ya msingi uliokuwapo. Wanaitaja Tonga. Kuanzia Januari 2022 World Rugby iliruhusu mchezaji aliyewahi kuichezea nchi moja kuhamia nyingine mara moja tu, baada ya miezi 36 bila mechi ya kimataifa, ikiwa alizaliwa huko au ana mzazi, babu au bibi aliyezaliwa huko. Tonga ikampata Israel Folau kutoka Australia na Charles Piutau kutoka New Zealand, majina makubwa. Kwenye Kombe la Dunia la 2023, ikiwa na Piutau na wengine waliohamia kwa kanuni hiyo, ilishinda mechi moja, dhidi ya Romania. Kundi lao lilikuwa gumu mno, likiwa na Ireland, Afrika Kusini na Scotland, kwa hiyo siwezi kusema mpango ulishindwa. Ila mchezaji wa nje peke yake hafanyi timu.

Upande huu una hoja nyingine inayogusa heshima zaidi ya matokeo: kijana anayefanya mazoezi Arusha kwa nauli yake mwenyewe, halafu siku ya kutaja kikosi nafasi yake inachukuliwa na mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi. Anayefanyiwa hivyo mara mbili haendi mazoezini mara ya tatu. Mchezo wenye wachezaji wachache hauwezi kumudu hasara hiyo.

Afrika Kusini iliwahi kuonyesha kwamba nchi inaweza kutaka zaidi ya kanuni ya dunia. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, alianza kuichezea mwaka 2008 kwa haki ya ukaazi. Mwaka 2010 ukazuka mvutano kwa sababu wakuu wa michezo walitaka timu ya taifa iwe ya raia, na hakupumzika mpaka alipopata uraia mwaka huo huo. Akaja kushinda Kombe la Dunia la 2019. Tanzania ikiamua kufuata njia hiyo, kijana wa Nyarugusu atakuwa amefungiwa nje. Wapo watakaosema ndiyo haki: mkimbizi ni mgeni wa muda, kuna juhudi za kuwarudisha makwao, na jezi ya taifa itampa madai ambayo Serikali haikukusudia kumpa.

Naelewa hofu hiyo, lakini siikubali. Kucheza raga hakumpi mtu uraia. Kanuni ya World Rugby haina nguvu yoyote juu ya sheria zetu, kama sheria zetu zisivyobadilisha mahali mtu alipozaliwa. Tena kuna jambo ambalo wasimamizi wa mchezo hawalitaji wanapozungumzia wachezaji wa nje. Wakongo wengi wa Nyarugusu wamehamishiwa nchi za mbali, Marekani ikiwa mbele, na wengine Canada na Australia. Australia ni taifa kubwa la raga na ndiyo mwenyeji wa Kombe la Dunia la 2027. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, akapelekwa Australia akiwa na miaka sita, akafundishwa raga shuleni huko, bado ana haki ya kuichezea Tanzania maisha yake yote ya uchezaji; akiwa ameshaichezea nchi nyingine, atalazimika kwanza kukaa nje miezi 36. Mchezaji wa mstari wa mbele tunayemtamani anaweza kuwa mtoto wa Kasulu, anayeongea Kiswahili cha kambini na kukumbuka vumbi la Makere. Tunapomtafuta "Mtanzania wa nje" kwa kuangalia jina la ukoo au pasipoti ya mjomba, huyu tunampita.

Kikwazo halisi ni karatasi. Uhispania ilikosa Kombe la Dunia la 2023 kwa sababu ya mchezaji mmoja, Gavin van den Berg, ambaye hakutimiza ukaazi. Nakala ya pasipoti yake ikabainika kuwa ilichezewa, na timu ikanyang'anywa pointi 10. Mwaka 2000 Wales iliaibika kwa wachezaji wawili waliodaiwa kuwa wajukuu wa Wales: kwa Shane Howarth uthibitisho wa babu wa Cardiff haukupatikana, na wa Brett Sinkinson alikuwa Mwingereza. Kama nchi zenye kumbukumbu za vizazi zinajikwaa hivyo, sisi je? Mjukuu wa Mkristo wa misheni ya zamani anaweza kukuta jina la babu yake kwenye daftari la ubatizo la parokia. Mjukuu wa Mwislamu wa Ujiji, mji mkongwe kuliko misheni hizo, mara nyingi ana ushuhuda wa wazee na hati ya kiapo tu. Kanuni ni moja kwa wote wawili, lakini uzito wake haulingani. Mzaliwa wa kambini kwa hapo ana nafuu, kwa kuwa kumbukumbu za wakimbizi hutunzwa tangu kuzaliwa.

Kwa wale waliozaliwa Kongo na kuletwa wakiwa wadogo, hali ni ngumu zaidi. Ukaazi wa World Rugby maana yake ni makao makuu na ya kudumu ya mchezaji. Mtu aliyeishi Nyarugusu miaka 25 hana makao mengine duniani, ila kisheria kambi ni mahali pa muda. Je, miaka yake inahesabika? Ningesema ndiyo, kwa sababu kanuni ilitungwa kuzuia wanaopita kwa mkataba, na huyu hajapita popote. Hata hivyo ningetaka jibu kwa maandishi kabla hajavaa jezi.

Maoni yangu juu ya mpangilio ni haya. Aliyezaliwa nchini aangaliwe kwanza, bila kujali wazazi wake walitoka wapi. Mjukuu wa nje aitwe kwa nafasi ambazo kweli hazina mtu, skramu ikiwa ya kwanza, na aje kambini mapema akae na wenzake. Ukaazi ukubaliwe kwa aliyecheza mashindano ya ndani misimu kadhaa. Vigezo vitangazwe kabla ya kikosi, siyo baada. Kijana naye aelezwe kwamba mechi moja ya timu ya wakubwa inamfunga. Akiitwa baadaye na Burundi au Kongo, atakaa nje miezi 36.

Chama cha raga nchini kinaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kuiandikia World Rugby kuuliza juu ya ukaazi wa kambini. La pili ni kuomba wanaosimamia wakimbizi kibali cha mazoezi, maana mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa, na akisafiri nje anahitaji hati maalumu ya safari inayochukua muda kuipata. Tabora nayo, ambayo imekuwa mwenyeji wa michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, mara kadhaa miaka ya karibuni, ina viwanja na walimu wa michezo waliozoea kupokea vijana wa mikoa yote. Mpira ukifika huko, Ulyankulu si mbali.